Jua Mkono wa Kushoto

Ghala la nafaka lilitokea ukutani kichwa chini, miguu juu. Ardhi nyekundu ilikuwa dari, mbingu ikawa sakafu, na katikati kundi la kondoo lilijipitia zake bila wasiwasi wowote.

“Mama, umeitia kinyume,” alisema Sabiha akicheka.

“Mwache,” alisema Dorothea. “Si wanasema Australia iko upande wa chini wa dunia? Labda ndivyo walivyo.”

Mwanamwema aliichomoa slaidi kwenye projekta, akaigeuza, akaichomeka tena. Ghala likasimama. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa nane, alasiri yenye joto la kuyeyusha lami, na mapazia ya sebule ya Sabiha huko Annandale, nje kidogo ya Washington, yalikuwa yamefungwa ili picha zionekane. Projekta ilikuwa ya chuo alichofanya kazi Sabiha, imeazimwa kwa ahadi ya kurudi Jumatatu. Mezani palikuwa na chai ya mdalasini na sinia la kaimati, ambalo Dorothea alikuwa amelivuta karibu yake kidogo kidogo, akidhani hapana anayemwona.

Dorothea alikuwa mtu wa Bukoba, Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili, na kwa miaka minane alikuwa jirani wa Mwanamwema katika ghorofa moja ya Columbia Heights, mjini Washington. Alisimamia wasafisha vyumba katika hoteli moja ya Herndon, karibu na uwanja wa ndege. Kwa udadisi hakuwa na mfano. Alipopata habari kwamba Mwanamwema, fundi cherehani wa miaka sitini na mbili, amekwenda peke yake kumtazama kaka yake hadi bara la Australia, alihesabu siku za kurudi kwake kuliko hata Sabiha, mwanawe wa kumzaa.

“Haya, tuanze,” alisema. “Huo mji unaitwaje?”

“Kurrawin.”

“Na ni jiji?”

“Kibao cha njiani kinasema ni jiji. Ukimaliza kukisoma, umeshalipita nusu yake.”

Wakacheka. Slaidi zikafuatana. Barabara kuu ilikuwa pana ajabu, kwa kuwa zamani ilibidi magari ya kukokotwa na ng’ombe yapate nafasi ya kugeuka. Palikuwa na mnada wa kondoo, maelfu kwa maelfu, na wanaume wenye kofia pana wameegemea vyuma bila kusema neno. Kasuku wa waridi walijaa kwenye waya za umeme kama shomoro. Na mashamba ya ngano, mabichi, yalikwenda mpaka macho yakachoka kuyafuata.

“Ngano mbichi mwezi wa saba?” aliuliza Dorothea.

“Mwezi wa saba ndiyo kipupwe chao. Asubuhi kioo cha gari kimeganda barafu. Na saa sita mchana, jua liko kaskazini.”

“Jua kaskazini! Na watu wanasalimianaje?”

“Kwa kidole kimoja. Mtu anaendesha gari, mnakutana njiani, anainua kidole hiki cha shahada kwenye usukani, basi. Siku ya kwanza nilidhani wote wanatoa shahada, nikafurahi sana.”

Mwanamwema alijua kusimulia, na alijua vilevile kwamba anasimulia ili asiseme. Tangu ashuke kwenye ndege, wiki mbili sasa, palikuwa na jambo lililomkaa kifuani, halipandi halishuki. Usiku alilala nalo, mchana alishona nalo, na wateja wawili walikuwa wamerudisha suruali zenye mguu mmoja mfupi.

Jambo lenyewe lilikuwa hili.

Kaka yake, Mbarak, alikuwa mpishi wa meli. Mwaka wa hamsini alishuka katika bandari moja ya Australia kwenda kung’olewa jino. Aliporudi gatini, meli imeondoka na shavu lake limevimba. Akaingia bara, akawa mpishi wa wakata manyoya ya kondoo, kambi hadi kambi, mpaka akakutana na Edna, mwanamke wa Kurrawin mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Edna alisilimu, wakaoana, na hawakujaliwa mtoto. Katika mji ule wakati huo hapakuwa na msikiti, wala Mwislamu wa pili wa kumuuliza neno. Mbarak alijipimia kibla mwenyewe, kama alivyofundishwa utotoni katika chuo cha Kurani, Unguja: ukisimama kwa swala ya magharibi, jua linalotua liwe mkono wako wa kushoto.

Kwa Unguja, hiyo ni kweli tupu, kwani Makka iko kaskazini yake. Lakini ukilichukua jua lilelile ukalipeleka Australia, linakupoteza. Kutoka kule, Makka iko upande wa magharibi. Mtu wa Kurrawin anayeswali swala ya magharibi hana budi kulitazama jua linapozama karibu uso kwa uso.

Mwanamwema hakuwa na haki ya kumcheka. Naye alipofika Washington mara ya kwanza aliswali miezi minne jua likiwa kushoto, mpaka mwanamke mmoja msikitini akamshika mabega, akamgeuza taratibu kama mtoto anayepimwa gauni. Aibu ile hakuisahau. Tangu hapo alitembea na dira ndogo mkobani, na kabla ya safari hii aliuliza, akaandikiwa: Kurrawin, magharibi, kaskazini kidogo.

Akafika. Mbarak, mwenye miaka sabini na maradhi ya moyo, alimlaki kwa machozi, akamwambia, “Karibu ndani, tuwahi magharibi.” Sebuleni, kwenye ukuta wa kaskazini, ilining’inia picha ya Alkaaba aliyoitarizi Edna kwa uzi mweusi na wa dhahabu. Mwanamwema aliitazama picha. Alilitazama jua dirishani, liko kushoto. Akaelewa yote kwa mara moja. Mzee huyu, mbali na msikiti kwa miaka thelathini na tano, hajaacha swala hata moja, na zote kazielekeza pasipo! Ni nani awezaye kumwambia mtu neno hilo akiwa bado na vumbi la safari miguuni? Akatandika msala wake kuelekea picha. Mbarak akasimama kidogo, kisha akatangulia mbele yake, akaswalisha.

Atamwambia kesho, alijiahidi. Kesho ikawa keshokutwa. Kila baada ya swala aliingia chumba cha wageni, akafunga mlango, akairudia upya kwa dira.

“Na hii?” aliuliza Dorothea. “Mbona hili kaburi limekaa upande wenzake wakiwa sawa?”

Mwanamwema alikuwa amesahau kwamba mkono wake bado unabonyeza. Ukutani lilionekana kaburi la Edna, katikati ya makaburi ya Wakristo wa mjini, limekatiza safu zao.

“Wifi yangu. Kaka alilichimba mwenyewe, mwaka wa sitini na nane. Kalielekeza kibla.”

Sauti yake ilipinda kwenye neno la mwisho, naye akaharakisha kuiweka sawa. Pale pale makaburini, siku mbili kabla hajaondoka, Mbarak alimshika mkono. “Niahidi,” alisema. “Siku yangu ikifika, watakupigia simu wewe, maana nimewaandikia jina lako. Waambie nilazwe kama alivyolazwa yeye. Wasinigeuze.” Mwanamwema akaahidi. Kaahidi kumlaza kaka yake wa damu ameielekea isiyo kibla, mpaka siku ya kufufuliwa, kwa sababu tu alimwonea haya! Hilo ndilo lililokuwa likikata miguu ya suruali za watu.

“Mama, hujambo?” aliuliza Sabiha.

“Sijambo. Tuendelee.”

Slaidi ya mwisho ilikuwa ya chumba cha kulala cha Mbarak. Mwanamwema alikuwa ameingia humo mara moja tu, asubuhi ya kuondoka, basi likisubiri, kwa ajili ya mfarishi wa viraka wa kufunika kitanda, ambao Edna aliushona kwa miaka miwili. Alisimama mlangoni, akaupiga picha, akatoka mbio.

“Tazameni mishono hii,” alisema, akifurahi kuwa na la kusema. “Hapa kila kiraka ni shati la mkata manyoya.”

Dorothea hakuutazama mfarishi. Alikuwa amesogea mbele, kaimati mkononi, ameinamisha kichwa kama mtu anayesoma barua ya mwenziwe.

“Kaka yako hupiga magoti pale dirishani?”

“Wapi?”

“Pale sakafuni. Mimi, Bi Mwanamwema, zulia nalijua. Nyayo za mtu ni ramani. Anayekunywa kitandani namjua, anayezungumza kwa simu huku akizunguka namjua. Hapa,” alisimama, kivuli cha kidole chake kikaangukia ukutani, “hapa pamelika na magoti mawili. Hapa, mbele, pamelika na paji la uso au viganja. Na hapa nyuma, vidole vya miguu. Hilo si la mwaka mmoja. Mtu amepiga magoti hapa miaka kumi, ameelekea dirisha.”

Mwanamwema alikaribia ukuta hadi picha ikamwangukia usoni. Zulia la kijani, lililofifia. Mabaka mawili, kisha moja, yamekaa mshazari, hayafuati kitanda wala mlango. Dirishani, nje, kivuli cha asubuhi cha nyumba kilikuwa kimelala uani. Jua lilikuwa nyuma ya nyumba. Dirisha lile lilikuwa la magharibi.

“Kaskazini kidogo,” alinong’ona.

“Nini, mama?”

“Sabiha, huko saa hizi ni saa ngapi?”

Sabiha alihesabu kwa vidole. “Hapa saa kumi. Kule ni Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi.”

“Nipigie simu kwa mjomba wako.”

Simu ililia mara nane. Kisha sauti nzito, yenye Kiswahili cha Unguja kilichohifadhika kama nguo ya sandukuni, ikauliza, “Nani kafa?”

“Hapana aliyekufa, kaka. N’na suali moja. Ukiwa peke yako chumbani, unaswali umeelekea wapi?”

Sabiha na Dorothea walitazamana.

“Umeliona zulia,” alisema Mbarak.

“Nimeliona leo.”

“Dirishani naelekea. Tangu machinjio yetu yalipoanza kupeleka nyama Arabuni, wakaletwa vijana wa Kiislamu wa kuchinja. Walikuja na dira. Mwaka wa sabini na sita huo.”

“Kumbe unajua! Basi siku ile kwa nini ulinitangulia ukaelekea picha?”

“Si wewe uliyetandika kuelekea picha? Mgeni, safari ya siku mbili, nikuaibishe hata chai hujanywa? Nikasema, maskini, mwenzangu hajui, nitamwambia kesho.”

“Mimi sijui? Dira nilikuwa nayo mkobani! Nilitandika pale kwa ajili yako wewe!”

“Picha kaitundika Edna. Ningeitoaje? Na hizo swala zako za wiki tatu?”

“Nilizirudia zote. Chumbani. Nimefunga mlango.”

“Na mimi pia.”

Kwanza akacheka Mbarak, kicheko kilichogeuka kikohozi, kisha Mwanamwema, akalazimika kukaa kwenye mkono wa kochi. Wiki tatu, watu wazima wawili, kila mmoja nyuma ya mlango wake, wanaswali swala ya pili kwa siri huku ukuta mmoja ukiwatenganisha, wameelekea mahali pamoja! Alicheka mpaka machozi, na machozi yalipokwishatoka, hayakutaka kukoma.

“Kaka,” alisema baadaye. “Na Edna?”

“Edna nilimlaza mimi. Nilipima kwa jua, kama nilivyofunzwa. Nilipoambiwa kweli, siku ya pili nilikwenda na koleo. Nikakaa pale tangu asubuhi hadi mlinzi alipokuja kufunga lango. Sikuinua hata chembe ya udongo.”

“Na ahadi uliyoitaka kwangu?”

“Nilikutaka ahadi nikidhani hujui. Nilifanya vibaya. Ahadi ya mtu asiyejua ni kama sahihi ya kipofu.” Alivuta pumzi, na pumzi ilisikika ikipita kwa taabu. “Sasa unajua. Nakuuliza tena, Mwanamwema.”

Mwanamwema alifungua mdomo. Ndiyo ilikuwa karibu, na hapana ilikuwa karibu vilevile. Maisha yake yote hakuwahi kujua kwamba maneno hayo mawili yanaweza kukaa jirani namna ile.

“Usijibu leo,” alisema Mbarak. “Bado nipo. Msalimie Sabiha. Jua ndo linatoka huku.”

Akakata. Mwanamwema alirudisha mkono wa simu mahali pake. Alirudi kwenye projekta, akarudisha slaidi nyuma moja, akaichomoa ile ya kaburi. Ilikuwa bado na joto la taa. Alikwenda dirishani, akapasua pazia kidogo, akaiinua kwenye mwanga wa alasiri.

“Hiyo tumeshaiona, mama,” alisema Sabiha kwa upole.

“Najua.”

Kaburi lilikuwa dogo kuliko ukucha. Aliigeuza slaidi robo, kaburi likaelekea kwingine, makaburi ya wenziwe nayo yakageuka pamoja nalo. Akairudisha. Akaigeuza tena. Nyuma yake alimsikia Dorothea akiweka kikombe chini, akija kusimama begani pake, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Dorothea hakuuliza kitu.

“Wewe,” Mwanamwema alimuuliza, bila kuondoa jicho kwenye mwanga, “ungeisimamisha vipi?”