Mwandiko Aliouchagua Scola

Mjukuu wangu Scola aliponiletea kadi ya harusi yake niione, nilimwuliza kama ni konokono waliomwandikia. Herufi zilijikunja, zikajiviringisha, na ile S ya jina lake imerusha mkia kama ng'ombe anayefukuza nzi. Mimi niliishia darasa la nne. Herufi zenye maringo vile sikufundishwa.

Ilikuwa miaka ile kompyuta zilipoanza kuingia Tunduma. Bashiri, mwenye stesheneri karibu na mpaka, alimwonyesha kila aina ya mwandiko. Scola akaikataa yote mpaka alipoufikia huo.

"Mke mwenzangu, una wivu," akaniambia. "Mume wetu Wilbard kaisoma mara moja tu."

"Wilbard hakusoma kitu. Alikuwa anakuangalia wewe."

Akacheka mpaka akakaa chini.

Kadi zilichapwa, hazikugawiwa. Homa ilimshika Scola, na wiki haikwisha tukawa tumekaa kwenye mikeka ya msiba, maturubai yamefungwa uani kwangu, huku kijijini kwetu Ruanda.

Mzee wa kanisa, Anyelwisye, akasema fundi ataandika msalaba kwa herufi kubwa za kawaida, kama misalaba mingine. Nikakataa. Nikataka jina la mtoto liandikwe kwa mwandiko wake ule wa kadi. Akanieleza kwa upole kwamba ule ni mwandiko wa sherehe, tena watu hawataweza kuusoma. Nikamjibu kwamba khanga niliyovaa nimekwenda nayo harusini na msibani, na sijafukuzwa popote.

Asubuhi nikapanda gari kwenda Tunduma. Bashiri alikuwa hajasikia. Nilipomweleza, akaifungua ile kadi kwenye kompyuta. Wakatokea wote wawili, Scola na Wilbard, wamejikunja pamoja. Kidole chake kikasimama juu ya kibonyezo.

"Bibi, jina la bwana harusi nilifute?"

"Futa, mwanangu. Mume huyo nimebaki naye mimi."

Hakucheka.

Akalikuza jina, akalichapa kwenye karatasi, akaikunja kama mtu anayekunja nguo ya mtoto. Fundi aliibandika karatasi ile kwenye ubao wa msalaba, akatoboa kwa msumari kando ya kila mkunjo, kisha akapita na rangi nyeusi. Mkia wa ile S ulifika ukingoni, karibu udondoke.

Anyelwisye alisema kweli: hausomeki. Kaburi lipo kando ya njia, penye kahawa zangu. Wanaokwenda shambani husimama, wakapinda shingo huku, wakapinda kule, nami nawaangalia kutoka kibarazani. Nawaacha wahangaike kidogo.

"Bibi, hapa amelala nani?"

Zingekuwa herufi za kawaida, wangesoma kimya wakapita zao.

"Scola," nawaambia. Na kwa kuwa ni watu wenye adabu, nao hulitaja jina, "Pole, bibi, kwa Scola," ndipo waendelee na majembe yao.