Kontena la Shangazi

Likizo ile, mwanafunzi mmoja wa bweni alipewa wadhifa wake wa kwanza wa kweli. Wenzake walimwita Waziri, kwa kuwa hata ugali ukiungua alitangaza msiba huo kwa sauti ya taarifa ya habari. Shangazi yake alikuwa mpimaji katika maabara ya maji, na maabara ilikuwa na kompyuta moja yenye nguvu na watu watatu wa kuigombania. Waziri aliamua kesi hiyo kwa siku mbili. Ndani ya mashine alijenga makontena matatu, yaani vijumba vitatu vilivyotengana, kila kimoja na programu yake ya takwimu. Mpimaji alifungua kivinjari mezani pake, akaingia kijumbani mwake, akachora grafu zake bila kupigana vikumbo na jirani.

"Huyu mtoto wa kaka yangu," shangazi aliwaringia wenzake, "kichwa chake si cha kubebea kofia tu."

Kontena lina tabia moja. Ukilibomoa, unasimamisha jipya kufumba na kufumbua, safi kama sahani iliyotoka kuoshwa. Ila chochote kilichoachwa ndani huenda nalo. Ndiyo maana huunganishwa na folda ya nje, isiyobomoka. Waziri aliunganisha la Bosi, mkuu wa maabara, akaunganisha la mpimaji wa pili. La shangazi alisema kesho. Shangazi ni wa nyumbani, na wa nyumbani hungoja. Kesho ikazaa kesho, wiki tatu zikapita, na shangazi akaingiza vipimo vya visima mia nne na kumi na viwili. Ijumaa angesimama kuwasilisha ripoti yake mbele ya wakubwa, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ya kazi.

Jumatano, kabla watu hawajaingia, Waziri alipata wazo. Alitunga salamu mpya ya kutokea programu inapofunguliwa, na ili ikae ilibidi ayabomoe makontena yote na kuyajenga upya. Amri moja, sekunde kumi.

Saa tatu Bosi alifungua kompyuta yake, akasoma kwa sauti: "Serikali ya Takwimu inasikitika kutangaza kifo cha chai ya Mheshimiwa, iliyopoa ikiwa mezani. Mazishi ni sasa hivi." Alicheka mpaka akavua miwani. "We kijana, iko siku utafungwa!"

Waziri aliinama kama anayevishwa nishani. Akiwa bado ameinama, akamsikia shangazi.

"Mbona kwangu kweupe?"

Alijua kabla hajafika mezani pake. Mdomo ukamtangulia: "Labda mtandao, shangazi."

Basi shangazi akatafuta. Alitafuta kwenye folda zote, akatafuta kwenye pipa la takataka la kompyuta, akazima na kuwasha. Waziri alisimama nyuma ya kiti chake akisema "jaribu pale" na "jaribu hapa", mahali ambapo alijua fika hapana kitu.

"Nitakuwa nimebonyeza kitu jana," shangazi alisema mwishowe. "Mimi na mashine tulipatana lini? Usijali, mwanangu, si kosa lako."

Bosi akaja. "Mama, mtoto kakutengenezea kila kitu na bado? Ijumaa ni keshokutwa. Kama huna cha kuonyesha, atasimama mwenzako."

Shangazi aliinuka, mikono ameifumbata. "Kosa ni langu, Bosi. Naomba unisamehe."

Waziri hakuwahi kumwona mtu mzima wa kwao akiomba radhi namna ile, na kwa jambo asilolifanya.

"Ni mimi," alisema. Sauti ya taarifa ya habari haikuja. Ilitoka nyingine, nyembamba. Akaeleza yote: salamu, kubomoa, folda ya kesho.

"Mzaha mzaha, hutumbua usaha," alisema Bosi, wala hakucheka. "Lakini Ijumaa iko palepale." Akaondoka.

Shangazi alikaa. "Ulijua tangu saa ngapi?"

"Saa tatu."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na robo.

"Nilipokuwa napekua takataka, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Nilipokuambia si kosa lako?"

Waziri aliitikia kwa kichwa. Heri angepigwa.

Shangazi hakumpiga. Alimwamuru aiunganishe folda palepale, mbele ya macho yake, akieleza kila hatua. Kisha akatoa kwenye droo ya meza madaftari ya vipimo, yenye madoa ya maji ya visimani.

"Nipe niandike, shangazi, mkono wangu mwepesi."

"Hapana. Wewe soma."

Akasoma. Kisima cha kwanza, uchafu nne nukta mbili. Shangazi aliandika kwa vidole viwili, polepole. Na kila baada ya namba, yeye ambaye hakuwahi kukagua kazi ya mtoto huyu, alilivuta daftari kwake, akainama, akahakikisha kwa macho yake mwenyewe.