Mchoro wa Chumba cha Pampu

Karakanani walimwita Mama Milimita, na jina hilo alilipenda kuliko lile la kuzaliwa. Alikuwa mchoraji wa saketi za umeme, na hakuna kilichomkera kama inchi. Tabu ni kwamba kompyuta yenye programu ya kuchorea ilikuwa moja, na watumiaji wawili: yeye na shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyejifunza kazi kwa inchi na hakuona sababu ya kubadili dini ukubwani.

Basi ikawa vuta nikuvute. Asubuhi mama anafungua mipangilio, anaweka sentimita au milimita. Mchana shemeji anarudisha inchi. Huyu anataka skrini nyeupe, yule nyeusi. Siku moja mama akachoshwa na vidoti na vijiherufi vilivyozagaa pembeni mwa mchoro.

"Shemeji, niondolee takataka zote hizi. Nataka kuona waya na vifaa, basi."

"Hata alama za vipimo, hizi za inchi na sentimita?"

"Zote. Mimi vipimo viko kichwani."

Shemeji akaziondoa. Na kwa kuwa alikuwa mle mle kwenye mipangilio, akarudisha na inchi zake. Hakusema, maana hakuulizwa.

Mchoro wenyewe ulikuwa wa mtambo wa kusukuma maji, wa kubandikwa ukutani chumba cha pampu. Mama aliwaza sentimita, akaandika upana themanini na nne, urefu hamsini na tisa, akaiamuru programu ikuze mchoro ujaze ukurasa. Kwenye skrini mambo yalikuwa shwari. Kwani skrini si hukipunguza kila kitu kienee ndani yake? Akautuma kwa mchapaji.

Mchapaji alipiga simu. "Mama, vipimo ndivyo hivi kweli?"

"Mwanangu, mimi siulizwi vipimo. Chapa."

Akachapa.

Siku ya kukabidhi, mama na shemeji waliufungua mchoro mbele ya msimamizi wa mtambo. Karatasi ilianza kukunjuliwa mlangoni, ikaipita meza, ikaenda kugota kwenye kabati. Swichi moja ilikuwa kubwa kama kiatu. Masikio ya mama yalipata moto. Akamtazama shemeji, shemeji akaitazama dari.

Msimamizi alivua miwani yake mizito, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akawaita wenzake wa zamu. Mmoja, akiwa bado mlangoni, akanyoosha kidole: "Kumbe fyuzi ya pampu ya pili iko nyuma ya hii swichi! Sisi tunaitafuta kwenye sanduku la juu."

"Miaka yote," msimamizi akasema, "tunaletewa michoro ya kusomwa na sisimizi. Leo mtu kayakumbuka macho yetu. Wazo la nani hili?"

Shemeji akakohoa.

"Tulishauriana," mama akasema.

"Sana," shemeji akaongeza.

Msimamizi akaagiza michoro ya vyumba vilivyobaki, kwa ukubwa huo huo, isipungue hata kidogo. Waliporudi karakanani, mama aliketi mbele ya kompyuta, mkono juu ya kipanya.

"Shemeji, hebu njoo uniwekee ile yako."

"Ipi?"

"Unaijua."

Shemeji alivuta kiti bila haraka, akakaa, akanyoosha miguu, na kabla hajagusa chochote akaomba aletewe chai.