Familia Zisizozidi Tisa

Gatimu hakuwa na shamba. Hakuwa na ng'ombe, wala mke, kwa kuwa mkewe alifariki yeye akiwa kizuizini. Hakuwa na meno mawili ya mbele. Hayo nayo yalibaki kizuizini. Hakuwa na koti la mvua, na mvua ya Nyeri haimngoji mtu anunue koti. Hakuwa na cheti cha shule yoyote inayofunguliwa mchana. Na hakuwa na hesabu ya watu wa kambi alimoishi, ingawa alimjua kila mmoja kwa jina na hata kwa kikohozi chake.

Alichokuwa nacho ni Kiingereza.

Alikipata mtaa wa Majengo, huko mjini, katika chumba cha kupanga nyuma ya msikiti, ambako mzee Simeon, aliyewahi kuwa karani, aliwafundisha watu wazima baada ya saa za kazi. Gatimu alishuka kwa miguu maili tano kutoka kambi ya wafanyakazi wa msitu, akapanda tano kurudi, siku tatu kwa wiki, kwa miaka miwili. Simeon alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote.

“Neno ni kama mbuzi,” aliwaambia. “Usipolijengea ua litakula shamba la jirani, na wewe ndiye utakayeshtakiwa.”

Kisha aliziandika nyua zenyewe ubaoni: only a few, not more than, at the most. Chache tu. Isiyozidi. Ikizidi sana, hapo. Mtu mstaarabu akimwomba mkubwa jambo, alisema Simeon, hatangazi wingi wake. Hujipunguza, na mkubwa akisoma moyo wake hulainika kwa sababu haoni tishio.

Gatimu aliyapenda maneno hayo kwa kuwa aliisikia ndani yake sauti ya mama yake. Kwetu watu hawahesabiwi, wala mifugo. Ukimwuliza mama ana watoto wangapi atakuambia ana vitoto viwili vitatu, hata kama ni wanane na wote wanakusikiliza. Na tisa ni nambari yenye adabu. Koo zetu ni kumi, lakini mzee akizitaja husema ni tisa zilizojaa, ili ule wa kumi usionwe na jicho baya. Waliotuhesabu waziwazi walikuwa askari wa Hali ya Hatari, asubuhi na jioni, ndani ya kijiji kilichozungukwa na handaki, na waliohesabiwa walipungua. Gatimu alifurahi kugundua kwamba Waingereza nao, pamoja na ukali wao, walikuwa na maneno ya kumficha mtu.

Mwaka wa 1965, mwezi wa Machi, habari ilifika kambini kwamba wasio na ardhi watapewa mashamba upande wa Laikipia. Kila kundi liandike barua yake. Watu walikutana mbele ya nyumba ya Mathenge, nyapara wao, na Gatimu akakaa juu ya gogo, karatasi ikiwa juu ya goti.

“Waambie vile iko,” alisema Ngendo, mjane aliyepalilia miche ya misonobari pamoja na mwanawe Theuri na wadogo zake. “Andika jina yangu, andika ya huyu, ya yule, mpaka mwisho.”

“Mama Theuri, unataka tupangwe mstari tena?” Mathenge aliuliza. “Na handaki utachimba wewe?”

Watu wakacheka. Ngendo hakucheka.

“Kingereza iko na njia ya hiyo,” alisema Gatimu. Akaandika polepole, kisha akasoma kwa sauti: “We are only a few families, not more than nine at the most.” Akawafafanulia: sisi ni familia chache tu, zisizozidi tisa.

“Tisa? Hapa hata kwa Mathenge na majirani yake tushapita tisa.”

“Tisa iliyojaa, Mama Theuri. Siku hizi anayesoma si mzungu. Ni mtu wetu. Ataelewa.”

Cucu Wamucii, nyanya yetu sote na mkongwe kuliko wote, alijitemea mate kifuani kwa baraka. “Hiyo imesemwa vizuri,” alisema. “Hata mimi bila shule ningesema hivyo.”

“Haya,” Ngendo alimwambia Gatimu, akijifunga leso vizuri. “Lakini nakuambia, Karani. Karatasi haina nyanya wa kuifundisha.”

Barua ikaenda hivyo.

Jibu lilikuja mwezi wa Juni, na kila neno lilikuwa jema. Ombi lenu limekubaliwa lote. Mashamba tisa. Kadi tisa, kila kadi familia moja. Kambi ihamwe ifikapo mwisho wa Agosti, kwa kuwa sehemu hiyo ya msitu itapandwa miti upya.

Gatimu alisoma mara tatu akiwa amesimama. Kesho yake alivaa shati lake la Jumapili akashuka mjini, mpaka kwenye ofisi iliyoshughulikia mashamba. Karani alikuwa kijana aitwaye Muriithi, mwenye sauti ya upole.

“Mzee, hii signature ni yako?”

“Ni yangu.”

“Basi mlipewa yote mliomba. Wengine walinyimwa nusu.”

“Kijana, wewe ni mtu wa hapa. Unajua tisa ni nini.”

Muriithi aliifunga faili na kuiwekea mkono juu. “Najua, mzee. Cucu yangu hakutuhesabu mpaka akafa. Lakini hii barua haikukaa kwangu. Ilipanda Nairobi, na huko waliona tisa. Kuna kundi lingine liliandika liko over two hundred. Hawafiki hata mia. Wamepewa.”

“Walidanganya.”

“Waliandika nambari kubwa.”

“Niandike tena?”

“Daftari ilifungwa Mei. Ukituma barua nitaitia nyuma ya hii faili, sitakukatalia. Lakini sitaki kukudanganya. Hakuna mtu hufungua huko nyuma.”

Gatimu alimshukuru. Njiani alipita mlangoni pa Simeon lakini hakubisha.

Walipiga kura kwa maharagwe. Kila familia ilileta harage moja jeupe kwenye kibuyu cha Mathenge, na hapo ndipo tulipojua tulikuwa wangapi: yalifika thelathini na matatu, na Gatimu hakuleta lake. Mathenge akatoa tisa, akatia mekundu tisa mahali pake.

“Karani achukue moja kwanza,” alisema. “Bila yeye hata hizi tisa hatungepata.”

“Toka na hiyo maneno,” alisema Gatimu. Ndiyo mara pekee tuliyomsikia akimjibu mtu vibaya.

Mathenge alipata jekundu. Gichovi, aliyekuja kutoka upande wa Embu juzi tu na mke mwenye mimba, alipata jeupe. Ngendo alipata jeupe. Alilitazama, kisha akalitia mdomoni akalitafuna, bichi na kavu vile vile, mpaka likaisha, nasi tukalisikia.

Asubuhi alikuja mlangoni kwa Gatimu.

“Karani. Andika ingine.”

“Daftari imefungwa, Mama Theuri.”

“Ulisema jana, nikasikia.”

“Haitasaidia.”

“Na ile ya kwanza ilisaidia nani? Andika. Kama kuna siku mtu atafungua hiyo faili, hata akitafuta kitu ingine, aone Theuri alikuwa hapa.”

Basi aliwahesabu. Watu walijipanga mstari nje ya nyumba zao, na hakuna aliyetaja handaki. Gatimu alipita na daftari, akiuliza jina la kila mtoto, hata wale aliowashika siku walipozaliwa. Wakubwa walitazama chini walipofikiwa. Cucu Wamucii aliingia ndani na kuketi akiwa amegeukia ukuta. Gatimu alisimama mlangoni kwa muda, akaliandika jina lake pia, kwa kuwa safari hii hakutaka kumficha mtu. Familia thelathini na nne. Watu mia mbili na sita.

Barua yenyewe ilimchukua siku mbili. We are two hundred and six. Aliitazama sentensi hiyo kama mtu aliyesimama sokoni bila nguo. Mkono wake ulitaka kuongeza neno mbele, dogo tu, la kumpa msomaji nafasi ya kuvuta pumzi. Hakuongeza. Akafuatisha majina, kurasa nne.

Siku aliyoshuka nayo, lori lilikuwa likipakia vitu vya familia tisa, na nyumba ya Mathenge ilikuwa imeshang'olewa mabati. Upande wa juu vibarua wageni walikuwa wakichimba mashimo ya miche. Ngendo alifuatana naye hadi mjini, akibeba kikapu kitupu.

Walipofika mbele ya posta alisema, “Mke wa Gichovi amejifungua alfajiri.”

“Mtoto gani?”

“Msichana.”

Gatimu aliichomoa barua. Alijua kwamba mtoto huyo hatapata shamba kwa wino wake, na kwamba miti itapandwa mahali alipozaliwa kabla hajajua kukaa. Alifungua kalamu, akakata ile sita na kuandika saba juu yake, kisha akatia sahihi pembeni mwa sahihisho, kama alivyofundishwa.

“Jina?”

“Bado hawajampa.”

Mwishoni mwa ukurasa wa nne aliandika: mtoto wa Gichovi, msichana. Akaikunja barua, akailamba bahasha kwa ulimi uliokuwa umekauka, akarudia, akaikandamiza juu ya paja lake kwa kiganja mpaka ikashika. Ngendo alibandika stempu. Gatimu aliisukuma ndani ya tundu la sanduku, akaiachilia.