Upande wa Bendera

Katika ukumbi wa Yahya wa kutazamia mpira kwenye runinga, mtaani Kiuu, mashabiki wa ligi za Ulaya huketi kwa uhasama, kila kundi upande wake wa roshani ya mbao. Roshani hiyo ilizoea uzito uliogawanyika. Jioni Kenya ilipocheza, Yahya mwenyewe alitundika bendera upande wa kulia, na wote wakabanana hapo, waumini wa msikitini pamoja na Wakamba waliotoka Thika.

Kenya ilipopewa penalti, Yahya, aliyesimama chini karibu na swichi, aliona vumbi likidondoka kutoka kwenye boriti.

"Shukeni kidogo," alisihi. "Mbao zinalia."

"Tushuke saa hii? Zii, mzee," alijibu Mutinda, mkono begani mwa Waleed, ambaye hawakuwa wamesalimiana naye tangu msimu wa ligi uishe. "Leo tumepatana, ndiyo unataka kututenganisha?"

Wakacheka. Boriti ikalia tena. Yahya alijua kwamba mpira ukiingia wataruka wote kwa pamoja. Mpigaji alipoanza kukimbia, akazima umeme.

Walishuka ngazi wote kwa hasira moja. Mutinda akamkaba shati.

"Umelipwa na nani, Yahya?"

Nje, mtaa mzima ulilipuka kwa shangwe. Katika mwanga hafifu wa mlangoni, juu ya vichwa vyao, Yahya aliitazama bendera ikiinama polepole, na misumari ya roshani ikichomoka mmoja mmoja.

"Sogeeni ukutani," alisema kwa sauti ya chini. "Wote."