Mlango wa Nne

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na nakiri mapema ili asitokee mwingine wa kuigombea nafasi hiyo. Mtu mwenye akili zake akisikia watu wamekusanyika kukijadili kitabu chake, ama huenda akajitambulisha, ama hubaki nyumbani akajifanya anaumwa. Mimi nilibuni njia yangu. Nilivaa kofia ya shemeji, nikaazima miwani ya kusomea iliyoufanya ulimwengu mzima uyumbe kama samaki ndani ya chupa, nikaketi safu ya nyuma ya ukumbi wa maktaba, msomaji miongoni mwa wasomaji.

Wala kofia haikuhitajika. Kitabu kilikuwa mezani mbele, nakala thelathini hivi, jalada limejaa chombo cha angani kinachotapika moto, na juu ya moto huo jina la tamthilia ya televisheni, Walinzi wa Falaki, kwa herufi kubwa kama matofali. Jina langu lilikuwa ukurasa wa nne, chini ya anwani ya mchapaji, kwa herufi ambazo hata chawa angesogea karibu ili azisome.

Sikulalamika. Kabla ya hapo nilikwisha kuandika kila kinachoweza kuandikwa na mtu mwenye njaa: matangazo ya sabuni, hotuba za mabwana harusi wenye kigugumizi, maelezo ya dawa ya mende, na kwa miezi minane utabiri wa nyota gazetini, mpaka nilipowaahidi wasomaji wote wa Mizani safari ya ng'ambo, na mkubwa wangu akanipa mimi safari ya kutoka ofisini. Kwa hiyo tamthilia ilipomaliza msimu wa tano, na kampuni ya vitabu ikatafuta mtu wa kuiandikia riwaya ya kuandamana nayo, nilikubali kabla hawajamaliza sentensi. Nilipewa miezi minne na daftari nene liitwalo Mwongozo. Humo mlikuwa na kila kitu: rangi ya macho ya Nahodha, kasi ya chombo, idadi ya vitanda. Ukurasa wa thelathini uliorodhesha milango ya kutokea. Mitatu.

Nami nikaandika wa nne.

Sikuukosea mwongozo kwa usingizi. Nina dada, mkubwa wangu kwa miaka kumi na mmoja, aliyenilea baada ya mama kufariki. Kazi yake ni kuchomelea matangi ya maji, yale makubwa ya viwandani. Siku moja nilimpelekea chakula karakanani nikamkosa. Jaketi lake limetundikwa msumarini, redio yake inaimba peke yake, mwenyewe hayupo. Nikaita. Mara sauti ikanijibu kutoka ndani ya tangi, na baada ya muda akajitokeza ubavuni mwake kupitia tundu lililomtosha mabega kwa shida. Nilitazama mchoro uliobandikwa ukutani. Tundu lile halikuwamo.

"Mchoro huchorwa na mtu aliye nje," aliniambia, akijifuta masizi. "Tundu la fundi huliwaza aliye ndani. Ukishatoka ndipo unalifunika kwa bamba. Wenye tangi hawajui hata kama lipo."

Sura ya saba ilizaliwa pale pale, chakula kikipoa. Katika tamthilia, Fundi ni mwanamke anayepewa maneno mawili kila sehemu: "Injini tayari," na mambo yakiharibika, "Injini zimekufa." Katika sura yangu ni msichana anayekijenga chombo kile kabla Nahodha hajawahi kukiona. Anakichomelea kwa ndani, wenzake wametoka, na yeye wa mwisho anapitia tundu lisilo na namba wala rangi. Analifunika, analigonga mara mbili kwa kiganja, anakwenda zake. Nahodha hayumo katika sura nzima. Hata kikohozi chake hakisikiki.

Dada yangu si mtu wa vitabu. Sura ile aliisoma kwa siku tatu, kidole chini ya kila mstari. Alipomaliza akasema, "Kumbe huwa naonekana." Tangu siku hiyo kitabu kikawa kinakaa ndani ya mfuko wake wa zana, kati ya nyundo na glavu, na sura ya saba ikawa na alama za vidole vyeusi ambazo hakuna mchapaji angeweza kuzinakili.

Sasa sikilizeni ujinga wenyewe ulipo. Siku mbili kabla ya mkutano, mhariri wangu alinipigia simu. Toleo la pili lilikuwa linakwenda mtamboni Jumatatu, na barua za mashabiki kuhusu sura ya saba zilikuwa zimemjaa mezani, nusu za mapenzi na nusu za matusi. "Nitakwenda kuwasikiliza Jumamosi," alisema. "Wakiikataa, naitoa. Sigombani na wanunuzi kwa ajili ya mlango." Nikamjibu, "Sawa, mama." Yaani sawa tu, kama mtu aliyeulizwa kama chai iwe na sukari. Na dada sikumwambia kitu. Alipopata habari kwamba kuna mkutano, aliamua kuja, akidhani tunakwenda kupongezwa.

Basi tulikuwa pale, yeye na mfuko wake wa zana, mimi na miwani ya kunitia kizunguzungu. Mhariri alikuwa mbele, kalamu mkononi, akijifanya hanijui, na kwa hilo namshukuru.

Wasomaji walianza kwa upole.

"Mimi nimekisoma mara mbili," alisema msusi mmoja mnene mwenye kicheko cha kutosha watu wanne. "Mara ya pili mteja yuko kitini, na pasi ya nywele mkononi. Nilipofika sura ya saba nilimsahau. Nywele zilianza kutoa moshi, jamani. Nikamwambia vumilia, mwenzako bado yumo ndani ya chombo!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akanyoosha mkono, akasema mapigano ni machache, na kwamba alihesabu adui kumi na wawili tu waliokufa katika kurasa mia tatu, jambo ambalo kwa vita vya sayari mbili ni ubahili. Dada mmoja wa benki akasema lugha ni nzuri kupita kiasi. Mambo ya angani yanataka kwenda mbio, na mwandishi anasimama kila mahali kutazama kutu. Mwingine akamjibu kwamba kutu ndiyo iliyomfanya aamini kwamba chombo kile kipo. Nilikuwa nimetega masikio kama sungura. Kila sifa ilinipandisha inchi moja, kila lawama ikanishusha mbili.

Kisha akasimama mfamasia.

Wenzake walimwita Kamusi, kwa kuwa alizikariri sehemu zote tisini na tisa. Alikuwa mtu msafi, shati limepigwa pasi hadi kwenye kola, na aliongea taratibu kama anayesoma maelezo ya kumeza vidonge.

"Ndugu zangu, mimi sibishani na uzuri. Nabishana na uongo. Sehemu ya pili, dakika ya kumi na saba, Nahodha anasema waziwazi: chombo hiki kina milango mitatu na hakina dirisha linalofunguka. Tumelala na kuamka na milango mitatu kwa miaka mitano. Halafu anakuja mtu, hatujui katoka wapi, anatupasulia tundu ubavuni! Leo mlango, kesho atatuletea jiko la mkaa. Sura ya saba iondolewe."

Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Mhariri akaandika kitu, akakipigia mstari chini. Niliusikia mstari ule toka safu ya nyuma, au nilidhani nimeusikia.

"Na wewe, bwana mwenye kofia?" Kamusi akaninyooshea kidole. "Umetulia sana huko. Umekisoma?"

Ninajua nilichopaswa kusema. Lakini mimi nimekulia katika kuchekesha. Shuleni walionizidi nguvu waliniacha kwa sababu niliwachekesha, na waajiri walionifukuza walinifukuza wakitabasamu. Ukumbi mzima uligeuka kunitazama, na ulimi wangu ukafanya ulichozoea.

"Nimekisoma," nikasema. "Nadhani mwandishi alichoka. Mtu akikosa namna ya kumtoa mhusika wake, hutoboa ukuta. Uvivu tu huo! Angekuwa fundi wa nyumba, tungekuwa na mlango hata juu ya paa."

Walicheka sana. Kamusi alicheka mpaka akatoa kitambaa. Mzee wa adui kumi na wawili alinigeukia akanipa dole gumba. Nami, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri, kama kwa muda wa kupumua mara tatu.

Dada yangu hakucheka. Kitabu kilikuwa mapajani mwake, kimefunguliwa pale penye alama nyeusi. Akakifunga polepole, akakirudisha kwenye mfuko, chini kabisa safari hii, chini ya nyundo.

"Kwa hiyo ni uvivu," akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama. "Miaka ishirini na sita ya kulala kifudifudi ndani ya chuma. Uvivu."

Nimepigwa maishani. Nimepigwa na walimu, na mwenye nyumba, na mara moja na bwana harusi ambaye hotuba yangu ilimtaja bibi harusi wa Jumamosi iliyotangulia. Hakuna aliyenipiga namna ile. Nilivua miwani. Ulimwengu ukarudi mahali pake, na ndani yake nikamwona mhariri akifunga daftari lake kama mtu aliyekwisha kupata alichokuja kutafuta.

Nikasimama. Kofia nikaiweka kitini.

"Samahani. Nimewadanganya," nikasema. "Mwandishi ni mimi."

Msusi akafungua ukurasa wa nne, akausogeza karibu na pua. "Jina lipo, lakini herufi zenyewe!" akanong'ona.

"Nilichosema sasa hivi nimekisema kwa woga, na nakifuta. Mlango wa nne sikuutoboa kwa uvivu. Kazi ya uvivu ilikuwa kuandika milango mitatu. Ilikuwa tayari kwenye mwongozo, ningeinakili nikalale. Ule wa nne nimeuona kwa macho yangu, nimemwona mtu akiutokea. Nahodha ana misimu mitano ya kusimama kwenye upepo akitazama mbali, na angani hamna hata upepo! Mimi nilimtaka mtu mmoja aliyekijenga chombo apate kurasa kumi na nne. Mnaweza kuzichukia. Piteni mbio, zirukeni, zifungieni maandazi. Lakini mimi sizitoi."

"Kaa chini, ndugu yangu," mhariri akasema kwa upole wa hatari. "Hilo tutalizungumza ofisini."

"Tulizungumze hapa, mama. Alhamisi nilikwambia sawa. Leo nakwambia si sawa. Sura ya saba ikitoka, jina langu nalo litoke."

"Jina lako haliuzi hata nakala moja."

"Ndiyo maana kulitoa si kazi. Wino mdogo tu."

Msusi alipiga makofi peke yake, akasita, kisha akaamua kuendelea. Wengine wakamfuata, wengine wakaguna. Ukumbi ulikuwa umegawanyika kama mkate, na mhariri alitazama upande huu na upande ule, kalamu imesimama hewani.

Kamusi alinyoosha kiganja mpaka kelele zikatulia. Siwezi kumlaumu. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake.

"Bwana mwandishi, nakupa heshima kwa kujitokeza. Lakini hata ungekuwa mwandishi mara kumi, tamthilia ndiyo msingi, riwaya ni kibaraza tu. Kilichooneshwa kimeoneshwa. Milango ni mitatu. Hisia zako haziongezi mlango."

Niliinama nikaiokota kofia kitini.

Ndipo dada yangu akainuka. Alijinyoosha kiuno kwanza, kama anavyofanya akitoka ndani ya tangi, akamwelekea Kamusi kwa adabu zote.

"Mtaalamu, shikamoo kwanza kwa kumbukumbu hiyo. Mimi si msomaji, nachomelea matangi, na tamthilia huitazama jioni. Nisaidie jambo moja. Mwisho wa msimu wa tatu, maadui walipotaka kukiteka chombo, hiyo milango ilifungwaje?"

Uso wa Kamusi ukachanua. "Sehemu ya arobaini na moja, dada yangu! Wenzake wote wameshaondoka. Fundi peke yake, anaichomelea kwa ndani, mmoja baada ya mwingine. Nani hapa alilia?"

Mikono ikapanda ukumbi mzima, pamoja na wa mhariri.

"Yote mitatu?"

"Yote mitatu."

"Kwa ndani?"

"Kwa ndani kabisa. Cheche zinamrukia usoni."

"Na dirisha hamna."

"Nimekwisha kusema, hakuna linalofunguka."

"Asante. Na sehemu ya arobaini na mbili inaanzaje?"

"Inaanza kwenye chombo cha uokoaji," akasema Kamusi, akifumba macho ili aione vizuri. "Nahodha ameketi kushoto, na kando yake yupo Fundi, amejifunika blanketi, anakunywa..."

Akafumbua macho.

"Chai," msusi akammalizia.

Dada aliingiza mkono kwenye mfuko, akasogeza nyundo, akakitoa kitabu, akakifungua penye masizi na kumwekea mezani mbele yake.

"Basi nionyeshe Fundi alipotokea, mtaalamu, na sura hii nitaichana mwenyewe."