Mvua Iliyohamia Ziwani

Hakuwa na dirisha. Hakuwa na msaidizi, wala kiti kisicholia kila alipojigeuza, wala cheo kilichoandikwa mlangoni. Nyumbani hakuwa na mtu aliyeweza kumweleza jirani kazi yake ilikuwa nini hasa. Na juma lile, zaidi ya yote, hakuwa na kompaila ya zamani, maana aliifuta mwenyewe walipohamia mitambo mipya.

Kwa asiyejua, kompaila ni programu inayochukua maandishi ya mtaalamu na kuyageuza kuwa amri za mashine. Katika taasisi ile kompyuta nyingi ziliunganishwa zifanye kazi kama kichwa kimoja, naye ndiye aliyepanga kompaila na programu zake katika vifurushi viitwavyo moduli. Mtafiti aliita moduli aliyoitaka, nayo ikaja na ndugu zake wote inaowategemea. Ukichanganya ndugu wa kompaila hii na wa ile, ugomvi wao hausuluhishiki. Watu walimwita Baba Moduli, naye alilipenda jina hilo kuliko alivyokubali kuonyesha.

Mwanzoni mwa juma alikuja Mama Mvua. Alikuwa amestaafu, lakini mlinzi bado alimfungulia lango bila kumuuliza. Maisha yake yote ya kazi aliandika programu moja tu, ya kukadiria mvua itanyesha wapi, na ramani iliyotokana nayo ilikuwa ukurasa wa kwanza wa kitabu cha taasisi, ambacho sasa kilikuwa kinaandaliwa kuchapwa upya.

"Mwanangu," alisema kabla hajaketi, "wanasema mvua yangu niliichora kwa mkono."

"Nani anasema, mama?"

"Hao vijana wenu. Wameendesha programu yangu kwenye mashine mpya, mvua imetoka mlimani imehamia ziwani. Sasa ziwa linataka mvua ya nini? Si lina maji tayari?" Alicheka, ila macho hayakucheka.

"Nitalitazama, mama. Nitakupigia."

"Usinipigie. Mimi na simu hatusikilizani siku hizi. Niandikie barua. Kama mvua ni ya mlimani, niambie. Kama nilikosea, niambie vilevile, nife nikijua."

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. "Namheshimu yule mama kama mama yangu mzazi," alimwambia Baba Moduli. "Lakini ramani isiyoweza kutolewa mara ya pili siwezi kuiweka kitabuni. Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa Ijumaa."

Mama Mvua alitumia kompaila ya zamani, kwa hiyo ni hiyo tu ingeonyesha kama ramani ilitoka kwenye programu yake. Maandishi asilia ya kompaila hiyo yalikuwamo kwenye hifadhi. Lakini kompaila nayo ni programu. Haizaliwi ila na kompaila nyingine. Akaipa kompaila mpya kazi ya kuizaa ya zamani. Mpya ilisoma kidogo, ikasusa. Huu uandishi gani? Nani anaandika hivi siku hizi? Akalegeza hiki, akabadili kile, ikasusa tena. Feni za mitambo zilivuma kama mvua juu ya bati, mvua isiyolowesha kitu, naye alikaa chini yake siku nzima akihisi kwamba kiti, meza na yeye mwenyewe vinaelea polepole kuelekea mahali asipopajua.

Alhamisi alikwenda kula nyumbani. Mama mkwe wake alikuwa sebuleni na mjukuu wake.

"Niletee kile kitu changu," bibi alisema.

"Kitu gani, bibi?"

"Si kile! Kile cha juzi."

"Bibi, vya juzi viko mia!"

"Miwani," alisema mke wake kutoka jikoni, bila hata kugeuza kichwa. "Iko juu ya friji."

"Si ndivyo nilivyosema?" bibi aliuliza.

"Mama, umejuaje?" mtoto aliuliza.

"Huyo amenizaa, na wewe nimekuzaa. Nitakosaje kujua?"

Baba Moduli alikula, akaegemea kiti, na feni zikamfuata hadi pale. Aliona korido ndefu yenye milango mingi, kila mlango moduli yake. Msichana wa gauni jeupe alisimama mbele ya kikongwe. Wakatazamana kwa upole, bila neno hata moja la pamoja. Kisha mlango wa katikati ukafunguka, akatoka mwanamke mwenye mikono iliyolowa, kama aliyekuwa ndani siku zote akingoja aitwe.

"Umelala umekaa tena," mke wake alisema.

"Sijalala."

"Na hayo mate ni ya nani?"

"Tunahitaji mama," alisema, akitafuta viatu.

"Huyu uliyenaye hakutoshi?"

"Mwache," alisema mama mkwe. "Ile baridi ya kazini imempanda kichwani."

Akarudi mbio. Alitafuta hifadhini kompaila ya miaka ya katikati, ambayo hakuna mtafiti aliyewahi kuiomba. Mpya ilikubali kuizaa, ikinung'unika. Ya katikati ikayasoma maandishi ya zamani bila kuuliza swali, ikaizaa ya zamani. Ukoo ulikuwa ukitembea kinyumenyume: binti kamzaa mama, mama kamzaa bibi. Kisha akawakusanya ndugu wa bibi mmoja mmoja, akawafunga katika moduli moja, akaita programu ya Mama Mvua.

Ijumaa asubuhi ramani ilitoka. Kwa kuwa hakuwa na dirisha, aliazima la Mkurugenzi. Alibandika karatasi mpya juu ya ile ya zamani, mwanga wa jua ukapita katika zote mbili. Mlima ukakaa juu ya mlima, mvua juu ya mvua.

"Ni ileile," Mkurugenzi alisema taratibu. "Inabaki kitabuni. Lakini mbona mashine mpya inaipeleka ziwani?"

"Hilo sasa ndilo swali la kuwapa vijana. Moduli yake nimewaachia."

Akashuka kwenye chumba chake, akaandika kwa mkono, kwa mwandiko wake bora:

"Mama, hukuichora. Imetoka tena yenyewe, na mvua ni ya mlimani."

Akaikunja ramani pamoja na barua, akapitisha ulimi kwenye ukingo wa bahasha, akaubana kwa kiganja mpaka ukashika. Hakumtuma mtu. Aliipeleka posta mwenyewe kwa miguu, akaitumbukiza sandukuni, akasikia imefika chini.